Nilikuwa naangalia mbele, mbona sikumwona?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni dereva wa teksi mtandao hapa Dar es Salaam, nina miaka 38 na nimeendesha gari miaka 11. Jumanne ya wiki iliyopita, saa 3 usiku, nilikuwa Barabara ya Mandela natoka Buguruni kwenda kumchukua mteja Tabata Relini. Magari yalikuwa yanatembea taratibu, labda spidi 30. Mteja akapiga, nikapokea kwa hedifoni. Simu ilikuwa kwenye holda, sikuishika. Alikuwa ananielekeza alipo. Mara nikasikia kishindo, kumbe nimemgonga bodaboda kwa nyuma. Naapa nilikuwa naangalia mbele, lakini sikumwona kabisa. Kijana alichubuka goti, na helmeti yake ilitoka kwa sababu hakuwa amefunga mkanda. Tulimalizana kwa shilingi 180,000, nami nikakaa siku mbili bila kazi nikitengeneza bampa na taa. Wenzangu wanasema ni bahati mbaya tu, hedifoni hazina shida, ni sawa na kuongea na abiria. Mke wangu anasema niache simu. Lakini simu ndiyo kazi yenyewe: oda inaingia kwa simu, ramani iko kwenye simu, mteja anapiga simu. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri, narudi saa 4 usiku, safari moja ya kawaida ni kama 6,000. Je, inawezekana mtu aangalie kitu asikione? Na nifanye nini bila kuacha kazi?"

Pole sana kwa ajali, ndugu yangu, na pole kwa kijana wa watu. Nakujibu la kwanza bila kuzunguka: ndiyo, inawezekana kabisa macho yaelekee kwenye pikipiki, taa yake iingie jichoni, na bado mtu asiione. Hukudanganya wala hukurogwa. Na wenzako wanaosema ni bahati mbaya wamekosea, kwa sababu bahati mbaya haina dawa, ila hili lako lina dawa.

Wengi tunadhani jicho ni kamera, kwamba likielekea mahali, picha nzima inaingia kichwani. Haliko hivyo. Nyoosha mkono wako mbele, kisha tazama ukucha wa kidole gumba. Eneo la ukubwa wa ukucha huo, au kubwa zaidi kidogo, ndilo pekee jicho linaloliona kwa ukali kwa wakati mmoja. Kila kilicho nje ya hapo kina ukungu. Tunahisi tunaona barabara yote kwa sababu macho yanarukaruka mara kadhaa kila sekunde, na ubongo unaunganisha vipande hivyo kuwa picha moja. Kazi ya kuamua kipande gani kitazamwe, na kilichotazamwa kina maana gani, inafanywa na umakini. Umakini ukiwa mahali pengine, jicho litapita juu ya bodaboda kama linavyopita juu ya ukuta wa kiwanda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walilipima jambo hili. Waliwaweka madereva kwenye kifaa cha kuigiza udereva, wakawafunga chombo kinachofuatilia macho yanatua wapi. Baadaye waliwauliza vitu gani waliviona njiani. Walipokuwa wanaongea na simu bila kuishika, madereva walitambua takriban nusu tu ya vitu walivyoweza kuvitambua walipoendesha kimya. Kinachogusa kisa chako ni kwamba hali ilikuwa hivyo hata kwa vile vitu ambavyo macho yalitua juu yake moja kwa moja. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipiga picha za ubongo wa watu walioendesha kwenye kifaa cha aina hiyo huku wakisikiliza sentensi na kuamua kama ni kweli au si kweli. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia nafasi na mwelekeo ilipunguza kazi yake kwa asilimia 37. Hawakuwa wakiongea hata neno moja. Walikuwa wanasikiliza tu.

Sasa turudi kwenye simu yako ya Jumanne, kwa sababu haikuwa simu ya salamu. Mtu alikuwa anakuelekeza njia. Mteja akisema, "Ukipita kituo cha mafuta utaona kibanda cha chipsi, ingia kushoto, mimi niko mbele ya geti la bluu," kichwa chako kinafanya nini? Kinachora. Unakiona kituo cha mafuta, unakiona kibanda, unaikata kona, unalitafuta geti la bluu, na yote hayo hayako mbele yako. Uwezo wa ubongo unaochora picha hiyo ndio ule ule unaohitajika kuisoma Barabara ya Mandela. Ndiyo maana kati ya mazungumzo yote ya simu, ya kuelekezana njia ni miongoni mwa mabaya zaidi kwa dereva. Vipimo vinaonyesha kwamba mtu anayefanya kazi ya kuchora picha kichwani hutazama eneo dogo zaidi katikati ya barabara, na huangalia vioo vya pembeni mara chache zaidi. Na bodaboda katika foleni anatokea wapi? Pembeni. Anapenya kati ya magari, anachomekea kwenye upenyo ulioachwa mbele ya bampa yako, na sekunde moja iliyopita hakuwepo pale.

Tupige na hesabu ya spidi yako. Kwa kilomita 30 kwa saa gari linakwenda mita 8 na kidogo kila sekunde. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha kwamba kuongea na simu, kwa mkono au bila mkono, kunachelewesha mwitikio wa dereva kwa takriban robo sekunde. Inaonekana kitu kidogo. Lakini robo sekunde kwa spidi yako ni mita mbili, na mita mbili ndio urefu wa pikipiki. Hapo tunazungumzia dereva aliyeiona akachelewa tu kukanyaga breki. Wewe hukuiona kabisa, kwa hiyo mguu haukuwa na sababu ya kuondoka kwenye mafuta.

Kuhusu hedifoni, nikueleze kwa uaminifu, maana hapa hata wataalamu wanabishana. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa Toronto, Kanada, uliofuatilia madereva 699 waliopata ajali na kumbukumbu za simu zao. Hatari ya kugonga ilikuwa mara 4 zaidi wakati simu inatumika, na waliotumia simu bila kuishika hawakuonekana kuwa salama zaidi. Mwaka 2005 utafiti wa Perth, Australia, uliohusu madereva 456 waliofika hospitali baada ya ajali, ulipata jibu lile lile la mara 4. Shirika la Afya Duniani nalo linasema simu isiyoshikwa mkononi haina usalama mkubwa kuliko ile ya kushika. Kwa upande wa pili, wapo watafiti wa Marekani waliofunga kamera ndani ya magari ya watu wakawarekodi katika safari zao za kila siku. Wao walikuta kwamba hatari kubwa iko kwenye kubonyeza namba, kuandika na kuangalia kioo cha simu, na kwamba kuongea peke yake kunaongeza hatari kidogo sana au hakuongezi. Kwa hiyo ukubwa wa hatari ya kuongea tu unabishaniwa. Ila hakuna anayebisha kwamba kugeuza macho ni kubaya zaidi, na hakuna anayebisha kwamba akili iliyo kwenye mazungumzo mazito inapunguza kinachoonekana. Kama ningelazimika kupanga: kuandika meseji ni hatari kuliko kupiga namba, kupiga namba ni hatari kuliko kuongea kwa hedifoni, na kuongea kwa hedifoni ni hatari kuliko kukaa kimya. Umechagua kilicho na nafuu, lakini nafuu hiyo ni ndogo kuliko ulivyoaminishwa. Na kama unaziba masikio yote mawili, umejiongezea shida nyingine, maana honi ya bodaboda ndiyo njia yake ya kukwambia "nipo hapa".

Je, ni sawa na kuongea na abiria? Hapana, na sababu yake ni rahisi. Abiria mtu mzima aliyekaa kando yako anaiona barabara. Lori likichomekea mbele yenu, ananyamaza katikati ya sentensi bila kuambiwa, na mara nyingi anakuwa jicho la pili: "Angalia huyo boda!" Mteja aliye Tabata Relini haoni lolote. Anaendelea na geti lake la bluu, na wewe kwa adabu unaendelea kumjibu, kwa sababu tumelelewa kwamba kumnyamazia mtu anayekusemesha ni dharau. Watafiti wale wale wa Utah walilinganisha mazungumzo ya namna hizi mbili mwaka 2008, wakakuta wanaoongea na mtu kwenye simu wanakosea njia na kuyumba zaidi kuliko wanaoongea na mtu aliye ndani ya gari. Lakini abiria anayegombana nawe kuhusu nauli, au watoto wanaopigana kiti cha nyuma, huyo si jicho la pili. Huyo ni sawa na simu.

Uzoefu wako wa miaka 11 una thamani kubwa katika mambo mengi, lakini katika hili haukulindi. Ubongo haujifunzi kufanya kazi mbili nzito kwa pamoja. Unachojifunza ni kuhama haraka kutoka moja kwenda nyingine, na kila uhamaji una mwanya. Watu 200 walipimwa huko Utah wakiendesha na kufanya kazi ya kumbukumbu kwa simu, na waliomudu vyote bila kushuka walikuwa 5 tu. Wengine 195 ni mimi na wewe. Na mara nyingi anayependa zaidi kufanya mambo mawili kwa pamoja ndiye anayefanya vibaya zaidi anapopimwa.

Taa nyekundu na foleni iliyosimama pia si mapumziko kamili, ingawa karibu kila dereva huchukulia hivyo. Umesoma meseji, taa imewaka kijani, umeweka simu chini, lakini kichwa bado kinaijibu. Vipimo vya mwaka 2015 kwa madereva waliotumia mifumo ya kuamuru kwa sauti vilionyesha kwamba mabaki ya usumbufu yanaweza kudumu hadi sekunde 27 baada ya kazi kwisha, kwa mifumo iliyokuwa mibaya zaidi. Kwa spidi 30 hizo ni zaidi ya mita 200 unazosafiri ukiwa na akili nusu. Na mita za kwanza baada ya taa ndizo ambazo waenda kwa miguu wanamalizia kuvuka na bodaboda waliojipanga mbele yako wanaondoka.

Kuhusu kuandika au kusoma meseji gari likitembea, hukuuliza, lakini niguse kwa sentensi chache kwa sababu kuna siku mteja atakuandikia badala ya kukupigia. Madereva wa malori waliorekodiwa kwa kamera Marekani walipokuwa wanaandika meseji, hatari yao ya ajali au kukosakosa ilikuwa mara 23, na kwa kila sekunde 6 macho yalikuwa nje ya barabara sekunde 4.6. Kwa spidi 80 hizo ni mita 102, karibu kiwanja kizima cha mpira. Hata kutupa jicho tu, ukizidisha sekunde 2 mfululizo, hatari inakuwa kama mara mbili.

Kuna jambo umelitaja kama la kupita, nami naliona ni zito sawa na simu. Umesema unatoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 4 usiku. Ajali ilitokea saa 3 usiku. Kama uliamka saa 10 kujiandaa, ulikuwa macho kwa saa 17. Mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, vipimo vyake vya mwitikio na umakini vinafanana na vya mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi kinakuzuia kushika usukani. Hukuonja hata tone, lakini uliendesha ukiwa na kichwa cha namna hiyo, usiku, katika barabara yenye malori, nyuma ya pikipiki ambayo pengine taa yake ya nyuma ilikuwa hafifu. Kisha simu ikaja juu ya hayo yote. Uchovu na mazungumzo vinakula kwenye sahani moja. Ungeongea simu ile ile saa 3 asubuhi, huenda ungemwona.

Kwa hiyo tuje kwenye la kufanya. Mke wako ana haki kuogopa, na wewe una haki kusema simu ndiyo kazi. Simu ibaki. Kinachobadilika ni wakati wa kuishughulikia: kazi yote ya simu unayoweza kuihamisha kwenda kwenye gari lililosimama, ihamishe.

Oda ikiingia, usiondoke papo hapo. Jipe dakika moja ukiwa umepaki. Fungua ramani, tazama njia nzima, hasa kona ya mwisho. Kisha mpigie mteja wewe kabla yeye hajakupigia, umuulize mambo matatu: yuko upande gani wa barabara, kuna alama gani kubwa ya kudumu karibu naye, na amevaa nini. Malizia kwa kumwambia kwamba ukishaondoka hutapokea simu hadi ufike. Kama hutaki kutumia salio, tunza meseji moja kwenye simu uwe unaituma kwa kubonyeza tu: "Nimeshaondoka, nakuja. Nikiwa barabarani sipokei simu. Tafadhali simama mahali ninapoweza kusimamisha gari." Wateja wengi hupiga kwa sababu hawajui uko wapi. Ukiwapa taarifa mapema, simu nyingi hazipigwi kabisa.

Akipiga hata hivyo, una njia mbili salama. Ya kwanza ni kuiacha iite. Ya pili, kama una wasiwasi kwamba amepotea, pokea kwa hedifoni ya sikio moja useme maneno haya tu: "Naendesha, nasimama nikupigie," kisha ukate. Usikubali aanze kukuelekeza. Ukimruhusu aanze, hutamkatisha, utamsikiliza mpaka mwisho. Tafuta mahali pa kusimama: kituo cha mafuta, uwazi wa duka, barabara ya mtaa. Usisimame pembeni mwa barabara kuu ukidhani hazadi zinatosha, hasa usiku, maana na wanaokuja nyuma yako wana simu zao.

Simu yenyewe iandae asubuhi. Kwenye Android ipo hali ya Usinisumbue ndani ya Mipangilio. Kwenye baadhi ya simu unaweza kuiwekea ijiwashe unapoendesha, na ukachagua nani aruhusiwe kupita. iPhone nayo ina mpangilio wa kuendesha gari unaoweza kumjibu mtu kwa meseji kwamba uko barabarani. Hakikisha programu yako ya kazi imeruhusiwa kulia, halafu zima mlio na mwanga wa WhatsApp, magrupu na kila kingine. Kwa ajili ya nyumbani, mwambie mke wako akiwa na dharura apige mara mbili mfululizo. Simu hizi zina mpangilio unaoiruhusu simu ya pili ya mtu yule yule ipite, ikipigwa ndani ya dakika 15 kwa Android au dakika 3 kwa iPhone. Ukisikia imelia, ujue ni jambo zito, upaki.

Holda iko wapi? Kama imebandikwa katikati ya kioo cha mbele, itoe leo. Simu iliyolazwa, yenye urefu wa sentimita 16, ikiwa sentimita 70 kutoka usoni mwako, inaficha zaidi ya mita moja ya kilicho mita 10 mbele, hata ukitazama kwa macho yote mawili. Hiyo inatosha kummeza mtu na pikipiki yake. Iweke juu ya dashibodi kushoto kwa usukani, chini ya ukingo wa kioo, ikiwa imesimama wima, na uwashe sauti ya ramani ili sikio lifanye kazi ya jicho. Mwanga wake usiku upunguze mpaka wa chini unaosomeka.

Oda zinazoingia gari likiwa linatembea ndiyo sehemu ngumu, na sitakudanganya kwamba haina gharama. Baadhi ya programu zina sehemu ya kuzima oda inayofuata kabla safari ya sasa haijaisha. Itafute uizime. Kama yako haina, sheria iwe hii: oda inakubaliwa kwa mguso mmoja gari likiwa limesimama kabisa, vinginevyo inapita. Utapoteza safari kadhaa kwa wiki. Lakini piga hesabu ya Jumanne. Ulilipa 180,000. Kama kwa siku unabaki na 60,000, siku mbili za kukaa ni 120,000 nyingine, bila kuhesabu bampa na taa. Hizo ni 300,000, yaani nauli ya safari 50 za 6,000, na hujatoa mafuta wala makato. Tena hiyo ni ajali iliyoishia kwenye goti.

Halafu zoeza macho upya. Ukiwa kwenye mwendo, pitia vioo vyote vitatu kila baada ya sekunde 5 hadi 8. Ukisimama kwenye foleni, acha nafasi unayoweza kuyaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Kabla hujaachia breki, tazama kioo cha kushoto, kisha geuza shingo kidogo kulia na kushoto, ndipo uondoke. Kwenye mwendo wa kawaida, chagua nguzo, gari la mbele likiipita anza kuhesabu "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, uko karibu mno, na usiku au mvua ongeza moja. Lipo pia zoezi la zamani la walimu wa udereva ambalo linafaa sana kwa mtu mwenye tatizo lako: taja kwa sauti unachokiona. "Boda kushoto. Daladala anaingia kituoni. Mama na mtoto kwenye kivuko." Fanya hivyo dakika 10 kila siku ukiwa huna abiria. Kinywa kinachotaja bodaboda kinalazimisha akili imwone. Ukitaka kufanya vizuri zaidi, mlipe mwalimu wa udereva akae kando yako saa moja katika njia zako za kila siku. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina mafunzo ya madereva wa magari ya abiria, na cheti chake hakitakuwa mzigo katika kazi yako.

Kuhusu saa za kazi, chagua kukata upande mmoja. Ukitoka saa 11 alfajiri, funga saa 12 jioni au saa 1. Ukitaka fedha ya usiku, anza saa 5 asubuhi. Kama siku haikukubali, pumzika mchana na ulale dakika 20 gari likiwa limepaki kwenye kivuli. Kahawa inasaidia kwa muda, lakini haichukui nafasi ya usingizi. Na ukianza kupiga miayo mfululizo, ukikuta hukumbuki kilomita mbili zilizopita, au gari linakanyaga mstari, siku imeisha hata kama kuna oda tatu zinaita.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kukumalizia. Nenda ukapime macho kwa mtaalamu, si kwa anayeuza miwani mezani barabarani. Mwambie umegonga kitu ambacho hukukiona, na umwombe apime pia upana wa kuona pembeni na shinikizo la jicho, maana presha ya macho huanza kula pembeni kimyakimya na mtu hajui. Uharakishe zaidi kama taa za usiku unaziona na duara za rangi, kama unajigonga kwenye fremu za milango, au kama una kisukari. Muulize mke wako kama unakoroma na kukata pumzi usingizini. Akisema ndiyo, na wewe unasinzia kwenye taa hata siku uliyolala kwa muda wa saa 8, hilo ni la daktari. Na kama baada ya mwezi bado kile kishindo kinakurudia, mikono inatetemeka ukipita Mandela au usingizi umekimbia, zungumza na mshauri wa afya ya akili katika hospitali ya karibu. Hali hiyo inatibika.

Mwisho ni kule kumalizana barabarani. Naelewa mnavyofanya, lakini mtu akishaumia, ajali inatakiwa kuripotiwa polisi, na majeruhi apewe fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Bila taarifa hiyo hata bima yako ya lazima haina pa kuanzia akidai baadaye. Nenda kituoni ukaeleze, hata kama siku zimepita.

Kisha mtafute yule kijana leo, gari likiwa limepaki. Usimuulize goti peke yake. Helmeti ilitoka, kwa hiyo muulize kama alianguka akapiga kichwa, kama kinamuuma zaidi kila siku, kama anatapika, anasinziasinzia mchana au anachanganyikiwa. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu kwa siku, hata wiki, mtu akiwa anatembea. Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na asiende kwa kuendesha pikipiki.